Mkaaji Ametambuliwa

Simu ilipolia, Rula alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimchana bibi yake nywele. Bibi alikuwa kwenye kigoda mbele yake, kichwa amekilaza kwenye goti la mjukuu, macho ameyafumba kwa raha. Rula aliitupia simu jicho moja, chanuo likiwa bado mkononi. Ujumbe ulikuwa mfupi: Bomba la jikoni limefunguliwa. Saa mbili na dakika nne asubuhi.

"Bibi, kuna mtu umemkaribisha humu ndani?"

"Tupo wawili tu. Mimi na mke mwenzangu." Ndivyo alivyomwita mjukuu wake tangu akiwa anatambaa, kwa utani wa kugombea babu ambaye alishafariki zamani. "Mbona umeacha kuchana? Umekuta chawa?"

"Nimesikia kama maji."

Hakuwa amesikia maji. Hilo ndilo lililomsumbua alipokuwa akielekea jikoni: nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia saa ya ukutani kule sebuleni, lakini maji hakuyasikia. Bomba lilikuwa limefungwa. Tone moja lilining'inia mdomoni mwake, likanenepa, likadondoka. Sinki lilikuwa limelowa. Aligusa birika la umeme kwa mgongo wa mkono, akaurudisha mkono haraka, maana lilikuwa la moto. Na jikoni pote palikuwa na harufu ambayo haikuwa ya nyumba ile, harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa ndani ya chupa mpaka mashina yakaoza.

"Betri ya kihisi," alijiambia, ingawa betri haichemshi maji.

Ofisini ndiko alikopewa jina la Rula. Wenzake walibandika vihisi kwa kukadiria kwa macho. Yeye alipima kwa rula kutoka sakafuni, akaandika, akapima tena. Ofisi yao ilikuwa na mradi wa kupima jinsi wazee wanavyojimudu majumbani mwao. Hakukuwa na kamera wala kinasa sauti. Kulikuwa na vihisi vyeupe vya ukubwa wa kifungo cha koti: kimoja mlango wa friji, kimoja bomba la jikoni, kimoja bafuni, kimoja birika, kimoja kisanduku cha dawa, kimoja chini ya godoro, kimoja chini ya mto wa kiti cha sebuleni, na viwili koridoni, kila ncha kimoja, ili kupima mwendo. Hakuna kilichojua uso wa mtu. Kila kimoja kilijua jambo moja tu, kwamba mlango umefunguka, au kwamba kuna uzito umekaa. Kila siku saa moja asubuhi mashine ilijumlisha yote na kutoa alama, juu kabisa mia. Mzee akishuka chini ya hamsini, ofisi iliiandikia familia barua: asiachwe peke yake.

"Umeniletea kunguni wa plastiki," Bibi alisema siku vilipobandikwa. "Angalau hawa hawanuki."

Rula aliitaka ile barua kuliko kitu chochote. Bibi alikuwa ameunguza sufuria mbili, amekunywa dawa za jioni mara tatu kwa jioni moja, na Rula hakuwa na pa kumweka. Alipanga chumba kimoja ghorofa ya nne, na Bibi alikuwa akipanda ngazi tatu anashika ukuta. Mwenye nafasi alikuwa mjomba. Nyumba yake ilikuwa na chumba kizima cha chini kilichojaa viti vibovu. Lakini mjomba alikuwa mkaguzi wa mizani ya masokoni, mtu aliyeishi kwa kuwakamata wenye mawe ya kupimia yaliyo pungufu, na maneno matupu hayakumwingia.

"Mama yangu ni chuma," alisema. "Wewe ndiye unayemzeesha kwa wasiwasi wako."

"Mjomba, aliweka sabuni kwenye friji."

"Mimi nimeshawahi kuweka funguo kwenye friji. Unataka kunihamisha na mimi? Niletee namba, mwanangu. Maneno kila mtu anayo."

Namba ya mwezi wa kwanza ilikuwa tisini na moja. Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu.

Baada ya siku ile ya bomba, Rula alinunua daftari. Alibadilisha betri zote. Alifungua friji mara ishirini na kihisi kikahesabu ishirini. Aliwasha birika mara ishirini, vilevile. Korido ilikuwa na urefu wa mita sita. Bibi, kwa mkongojo wake na mguu wa kushoto unaoburura ndara, aliimaliza kwa sekunde kumi na mbili, siku nzuri kumi na moja. Ripoti ilisema sekunde nne. Rula mwenyewe aliipita mbiombio, akakuta tano.

Akaandika kwenye daftari: Vihisi ni vizima. Kisha akaketi akiutazama mstari ule kwa muda mrefu, kwa sababu angefurahi zaidi kama vingekuwa vibovu.

Alama zilipanda. Tisini na tatu, tisini na tano. Na kadiri zilivyopanda, Bibi alipungua. Rula alikuwa akifika kila jioni akitoka kazini na kila Jumamosi tangu asubuhi, na kila mara palikuwa na kitu kimoja kimeondoka. Siku ripoti ilipotoa alama kamili za chai, Bibi alikisukuma kikombe pembeni.

"Nimeshakunywa."

"Saa ngapi, bibi? Nimefika saa kumi na mbili, na kikombe chako kikavu."

"Imeshanywewa," Bibi alisema taratibu, kama anayemwelewesha mtoto. "Haiwezi kunywewa mara mbili."

Siku ya alama kamili za kuoga, alimkuta amesimama bafuni na nguo zake zote, ndoo mkononi, haelewi ndoo ni ya nini. Siku ya alama kamili za dawa, Bibi alikitazama kidonge kiganjani kama anayetazama mdudu. Na siku mashine iliposema mkaaji amelala saa nane bila kukatizwa, Rula alifika Jumamosi alfajiri akamkuta Bibi amejikunja sakafuni koridoni, khanga ameivuta mpaka puani.

"Kwa nini hapa, bibi yangu?"

"Kitanda kina mwenyewe."

Rula aliingia chumbani. Godoro lilikuwa na umbo la mtu upande wa kushoto, na shuka ilikuwa na joto. Harufu ya maji ya maua ilitoka kwenye mto.

Alimpigia mjomba simu. Mjomba akasema alikuwa hapo Alhamisi, mama alimfungulia mlango mwenyewe, akamsimulia habari za ndugu wote kwa majina. "Tena amenenepa. Hebu pumzika, utajiua kwa mawazo." Aliposema amenenepa, Rula alikuwa anamtazama Bibi akijaribu kuinuka, mkono wake umekonda kama mpini wa mwiko.

Jumatatu alibaki ofisini wenzake walipotoka, akafungua kumbukumbu za nyumba ile tangu mwanzo.

Kila nyumba ilianza na wiki ya kujifunza. Kwa siku saba mashine haikutoa alama yoyote. Ilijifunza tu, mkaaji ana uzito gani kitandani, anakwendaje, anagusa nini kabla ya nini. Baada ya hapo kila mwenye mwenendo tofauti alihesabiwa kuwa mgeni, na mgeni hakuingia kwenye alama. Utaratibu ulikuwa mzuri, ili wajukuu wanaokuja kupika wasiharibu vipimo.

Vihisi vya Bibi vilibandikwa Jumatatu asubuhi. Mchana wa siku hiyohiyo hospitali ilipiga simu: nafasi ya kutolewa mtoto wa jicho imepatikana, aje sasa. Rula alimpeleka, akafunga nyumba, ufunguo akautia mkobani. Walirudi Jumatatu iliyofuata. Kanuni ilisema mzee akiondoka, simamisha wiki ya kujifunza. Aliikumbuka kanuni Jumatano, akiwa kwenye benchi la wodini, na hakuisimamisha. Kusimamisha kulimaanisha kuanza upya, mwezi ulikuwa unafungwa, na alikuwa na haraka ya barua yake. Akajiambia nyumba tupu italeta sifuri, na mashine itakataa yenyewe. Haikukataa. Ilileta ujumbe: Mkaaji ametambuliwa. Akatia saini chini ya maneno, Nathibitisha kuwa aliyepimwa ndiye mkaaji wa nyumba hii. Yeye, aliyepima urefu wa kila kihisi mara mbili, hakufungua ukurasa wa siku kwa siku.

Sasa aliufungua.

Jumanne hakukuwa na kitu mpaka saa saba mchana. Saa saba, chini ya mto wa kiti cha sebuleni, uzito, sekunde moja. Kisha sekunde mbili. Kisha dakika nzima. Jumatano mlango wa friji ulifunguliwa mara arobaini na moja, kwa nafasi zilizolingana, kama mtu anayerudia neno geni mpaka limkae mdomoni. Alhamisi ilikuwa korido: sekunde tisini kutoka ncha hadi ncha, kisha sitini, kisha thelathini na tano, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi mchana kutwa ndani ya nyumba iliyofungwa kwa ufunguo uliokuwa mkobani mwake, mpaka jioni ikawa saba, na Ijumaa nne, na haikubadilika tena. Jumamosi birika, bomba, bafu, kisanduku cha dawa. Na Jumapili, kutoka kitandani asubuhi hadi kitandani usiku, ilikuwa siku kamili ya binadamu, kila kitu kwa saa yake, bila kosa hata moja.

Rula alizima kompyuta. Taa za ofisi zilikuwa zinawaka na mfagizi alikuwa akiimba ngazini.

Kesho yake aliomba ruhusa akaenda kwa Bibi mchana. Alimketisha kwenye kochi, akamkumbatia begani, simu akaishika kwa mkono mwingine. Jua lilikuwa kali, dirisha liko wazi, nje mtu alikuwa anapiga misumari. Ujumbe wa kwanza ulikuja saa nane kasoro: Mkaaji ameondoka kitandani. Kisha, Korido, ncha ya kwanza. Rula alianza kuhesabu moyoni bila kupenda, moja, mbili, tatu, na ndipo aliposikia kwa masikio yake, hatua nyepesi, za haraka, za miguu mitupu isiyoburura kitu, zikija kwao kutoka kwenye chumba alichotoka kumtoa Bibi na kuhakikisha hakuna mtu, nne, Korido, ncha ya pili, na hatua zikasimama mlangoni pa sebule, na harufu ile ikaingia kabla ya mwenyewe, nzito, ya mashina yaliyooza, na misumari ya nje ikawa kama inapigwa mbali sana, na pazia la mlangoni likasogea upande kwa adabu, kama linavyosogezwa na mtu aliye kwake, na mto wa kiti kilichowaelekea ukashuka polepole, ukaingia ndani, ukatulia.

Mkaaji amekaa, simu ilisema. Sebule.

Bibi alikuwa ameinamisha macho.

"Usimtazame sana," alinong'ona. "Hapendi."

"Nani, bibi?"

"Mwenye nyumba."

"Wewe ndiye mwenye nyumba. Ulijenga na babu, tofali kwa tofali."

"Nyamaza, mke mwenzangu. Tusije tukafukuzwa."

Mganga alipatikana kupitia mfagizi wa ofisini. Alikuwa mama mnene wa makamo, aliishi nyuma ya duka la fundi cherehani, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba. Rula, msomi aliyezoea kucheka habari za namna hii, alieleza yote kwa minong'ono na daftari mkononi.

"Mlimkuta au mlimleta?" mganga aliuliza.

"Sijui."

"Ndilo swali la kwanza, na wewe hulijui. Twende."

Walifika saa nne asubuhi. Mganga alivua viatu mlangoni, akapita kila chumba akinusa, akarudi akaketi chini katikati ya korido, begi lake la kitambaa magotini. Hakulifungua. Bibi alikuwa chumba cha nyuma, kwenye godoro la wageni ambalo Rula alikuwa amemtandikia.

"Hiyo simu yako inasema akisogea?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nisomee kwa sauti." Mganga aliinua uso kuelekea koridoni kutupu, akaongea bila ukali, kama karani wa ofisi. "Wewe uliyemo. Nani aliyekupa nyumba hii?"

Simu ililia. Rula alisoma. "Mkaaji ametambuliwa."

Ulikuwa ujumbe wa miezi miwili iliyopita, na ulikuja tena na tarehe yake ileile.

"Na yule mzee kule nyuma, yeye ni nani?"

Mgeni amegunduliwa, simu ilisema. Chumba cha nyuma.

Kule nyuma hakikuwahi kubandikwa kihisi. Mganga akavaa miwani, akamtazama Rula, akaivua.

"Mwanangu, kuna karatasi umetia saini?"

Rula alimwambia. Mganga aliinuka kwa kushika ukuta, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Mama, unaondoka? Hujafanya kitu."

"Mimi namtoa aliyeingia bila ruhusa. Huyo namkemea, namfukiza, anatoka analia. Huyu ana ruhusa kuliko mimi na wewe tuliosimama hapa. Alikuja akakuta nyumba tupu inauliza nani anakaa, akajibu, na wewe ukaandika ndiyo." Alishusha sauti. "Nikimgusa, mwenye kosa ni mimi."

"Nifanye nini?"

"Aliyeandika ndiye afute. Na ukishindwa, mtoe mzee. Usingoje."

Kufuta hakukuwa mikononi mwa Rula. Fomu ilitoa sababu tatu: amehama, amefariki, kosa la usajili. Hakuthubutu kugusa mbili za kwanza, maana hakujua zingemwangukia nani. Ya tatu ilihitaji idhini ya mkuu wa kitengo, mzee mpole aliyekuwa akimsifu mbele za watu. Rula alimwungamia kila kitu isipokuwa neno jini. Alisema wiki ya kujifunza ilikuwa batili. Alisema alidanganya.

"Unaniambia tufute nyumba yetu bora kuliko zote?" mkuu alisema. Hakukasirika, na hilo lilimvunja moyo zaidi. "Haya. Haki itendeke. Nitatuma mpimaji mwingine leo, amwone kwa macho. Akisema mzee hajiwezi, nafuta mwenyewe."

Rula alilia kwa shukrani chooni, bomba akiliacha wazi wasimsikie.

Ripoti ya mpimaji ilifika saa kumi na moja jioni, ukurasa mmoja. Mkaaji alinifungulia mlango. Amechangamka, anajua tarehe na siku, ameinuka kitini mara tano bila kushika kitu. Alichemsha maji na kunikaribisha chai. Kumbukumbu nzuri. Na chini, kwenye nafasi ya maelezo mengine: Kuna bibi mwingine mgonjwa sana, mgeni, amelala chumba cha nyuma. Hakuhusika na upimaji. Mkaaji anamhudumia vizuri.

Mkuu alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: Idhini imekataliwa. Hongera kwa kazi nzuri. Chukua likizo.

Rula hakungoja teksi iingie uani. Alishukia barabarani akakimbia. Gari la mjomba lilikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi alijisikia ana mtu. Wakiwa wawili wangembeba. Mjomba angemwona mama yake kwa macho yake, angeona mifupa, angeelewa.

Mjomba alikuwa sebuleni, amenyoosha miguu, kikombe cha chai mkononi, akicheka. Kiti kilichomwelekea kilikuwa kitupu na mto wake umebonyea.

"Huyu hapa mpelelezi wetu," alisema. "Mama, mwambie mwenyewe, mimi hanisikii."

"Mjomba, unaongea na nani?"

"Rula, punguza mzaha. Msalimie bibi yako."

Hakubishana. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akamwinua Bibi, ambaye sasa alikuwa mwepesi kama bunda la nguo, akamtegemeza kiunoni, hatua kwa hatua, mguu wa kushoto ukiburura, sekunde arobaini, hamsini, mpaka sebuleni, akamsimamisha mbele ya mwanawe wa kumzaa.

"Mtazame," alisema. "Mtazame mama yako."

Mjomba aliweka kikombe chini. Alisimama kwa heshima, akafunga kifungo cha shati. Uso wake ulikuwa na huruma ya kweli, ile ambayo mtu mwema huwa nayo kwa shida isiyo yake.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Pole kwa kuumwa."

Bibi alimtazama muda mrefu. Midomo yake ilitafuta kitu. Rula alihisi mwili wote ule mdogo ukijitahidi dhidi ya mkono wake, kama unaotaka kuinua mzigo kutoka kisimani. Kisha ukalegea.

"Marahaba, baba," Bibi alisema. "Tunaondoka sasa hivi. Asanteni kwa kutuhifadhi."

Mto wa kiti ukainuka polepole, ukarudi umbo lake. Mtu alikuwa amesimama kuwasindikiza.

Rula alimbeba mgongoni ngazi zote za ghorofa nne, akipumzika kila kituo, na jirani aliyeshuka na ndoo ya taka alimpongeza kwa kumjali mzazi. Alimlaza kwenye kitanda chake. Hapakuwa na kihisi hata kimoja chumbani mle. Aliitoa hata betri ya saa ya mezani. Alidhani mbali na nyumba ile vitu vingerudi kimoja kimoja, kwanza chai, kisha kuoga, kisha majina. Havikurudi. Alimpa uji kwa kijiko na uji ukatoka pembeni mwa mdomo. Hospitali walimpima, wakasema hana ugonjwa, ila kama amesahau kumeza. Walipoingiza namba ya kadi yake, muuguzi alikunja uso. Kadi ilikuwa imetumika juzi kliniki: kilo sitini na mbili, shinikizo la damu zuri. Mwanamke aliyekuwa juu ya mizani alikuwa na kilo thelathini na nane.

"Umebeba kadi ya mtu mwingine," muuguzi alisema. "Kalete yake."

Siku ya tisa, mchana, Bibi aliacha kupumua. Hakupigana. Alikuwa ameshikwa mkono, na Rula, aliyezoea kupima, alihesabu kati ya pumzi na pumzi: sekunde nne, sekunde kumi, sekunde ishirini na mbili, kisha akaendelea kuhesabu mpaka mia tatu kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Kisha akampigia mjomba, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumpigia.

"Mjomba, amefariki."

"Nani?"

"Bibi."

Mjomba alishusha pumzi. "Umenishtua. Yule bibi uliyemchukua? Pole sana, mwanangu. Umefanya jambo la utu, siwezi kukudanganya, hata mimi nisingeweza. Nitakutumia kitu cha sanda."

"Mjomba, njoo umzike mama yako."

"Unaona sasa. Hujalala." Sauti ikageuka pembeni, ikamweleza mtu mambo kwa upole, ikarudi. "Nipo naye hapa. Amesikia. Anasema anataka akupe pole mwenyewe, usikate."

Rula alisikia simu ikipita kutoka mkono hadi mkono. Alijua kwamba angepaswa kukata. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe, na pembeni yake, juu ya kitanda, chini ya shuka, palikuwa na mtu pekee aliyewahi kuwa na haki ya kuzungumza kwa sauti ile. Lakini sauti ile hakuwa ameisikia kwa miezi mitatu, sauti nzima, yenye meno, ya mwanamke anayejua ameweka nini wapi.

"Usilie, mjukuu wangu," ilisema. "Mimi nipo."

Rula alifumba macho. Alisikia mdomo wake ukifunguka.

"Shikamoo, bibi," akasema.